Ukiambiwa "Hii ni Kwantamu", Uliza Namba Ngapi

Sikizeni wanangu. Leo sina vichekesho. Kuna jambo limenikaa shingoni tangu mwaka jana, na nisipolisema hapa nitaendelea kujifanya mtu mzuri mbele ya kamera huku roho yajua.

Kuna jamaa aliniingia inboksi. Lugha tamu, suti, picha safi. Akasema wana roboti ya kufanya biashara ya fedha mtandaoni, ati inatumia "uwiano wa kwantamu" kujua bei ya kesho kabla kesho haijafika. Nikiposti video moja tu, napata elfu kumi na tano. Wajua hiyo ni pesa gani kwa mtu aliyeacha chuo, analala kwa mamake Likoni, na bando ananunua la saa moja? Nikaposti. Sikuuliza kitu. Lile neno "kwantamu" lilinitia haya. Niliona nikiuliza nitaonekana mjinga.

Siku chache baadaye, pale feri, kaka mmoja wa tuktuk, mtu wa Changamwe, akanisimamisha. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Dogo, mimi niliweka kwa sababu umesema wewe." Alikuwa ameweka pesa za wiki mbili, zile za kumpelekea mwenye tuktuk. Tovuti ishafungwa, namba za simu haziingii. Niliifuta ile video, nikamrudishia nilichokuwa nacho, na hakikufika nusu.

Ndipo nikafanya kile nilichofaa kufanya mwanzo. Nikakaa nikasoma, miezi. Na nilichokipata ndicho kilichonifanya niandike leo: uwiano wa kwantamu ni kitu cha kweli kabisa, na ukweli wake wote uko kwenye kipimo. Kuna namba. Mwenye nayo anakuonyesha. Asiye nayo anakuuzia neno tupu, na mimi nililiuza hilo neno kwa niaba yake.

Haya, tuanze na ndara.

Umetoka kwenu Likoni asubuhi mbio mbio, ukafika Kisauni, ukafungua begi, ukakuta ndara moja tu, ya kushoto. Papo hapo wajua kwamba iliyobaki nyumbani ni ya kulia. Hakuna aliyekupigia simu. Huo ni uwiano wa kawaida: vitu viwili viko mbali, ukitazama kimoja wakijua cha pili, kwa sababu mambo yaliamuliwa zamani. Ile ndara ilikuwa ya kushoto tangu kiwandani, wewe ulichelewa kujua tu.

Sasa kuna fotoni, zile chembe za mwanga. Zaweza kutengenezwa mbili mbili zikiwa zimefungamana. Ukipima moja hapa na nyingine kule, majibu yao yanafuatana. Mtu yeyote mwenye akili timamu atasema, "Ah, si ni ndara tu hizo!" Hata Einstein alikuwa upande huo. Mwaka 1935, yeye na wenzake wawili waliandika kwamba nadharia ya kwantamu haijakamilika, kuna kitu kimefichwa ndani ya chembe ambacho nadharia haikioni. Kwa karibu miaka 30 ikawa kama ubishi wa maskani: kila mtu ana kauli, hakuna wa kuamua.

Mwaka 1964, John Bell, mzaliwa wa Belfast, akaonyesha kwamba ubishi huu unaweza kupimwa. Alithibitisha kwa hesabu kwamba ndara zina kikomo. Mwaka 1969 Clauser, Horne, Shimony na Holt wakaliweka wazo lake katika sura ambayo maabara inaweza kulifanyia kazi. Wengine wamelifundisha kama mchezo, na mchezo wenyewe waweza kuucheza leo jioni na mabeste zako. Wallahi hauhitaji hata chaji.

Chukua watu wawili. Tuwaite Wa Likoni na Wa Kisauni. Kabla hawajaachana, wanaruhusiwa kupanga njama yoyote wanayotaka. Wakishaachana, hakuna simu, hakuna meseji. Kila mmoja ana refa wake. Refa anarusha shilingi, halafu anamwonyesha kadi moja: nyekundu ama nyeupe. Mchezaji anajibu neno moja: "ndiyo" ama "la". Hajui mwenzake ameonyeshwa kadi gani.

Sheria ni moja. Kadi zote mbili zikiwa nyekundu, lazima majibu yatofautiane. Kadi zikiwa namna nyingine yoyote, lazima majibu yafanane.

Njia rahisi: wote wawili waseme "ndiyo" kila mara. Watashindwa tu pale kadi zote zinapokuwa nyekundu, yaani mara moja katika kila nne. Kwa hivyo wanashinda mara 75 kwa 100. Je, kuna njama bora zaidi? Jaribu. Mimi nilipoteza usiku mzima nikijaribu. Haiwezekani, na sababu ni hii. Jibu la Wa Likoni kwa nyeupe lazima lifanane na la Wa Kisauni kwa nyeupe. Lazima lifanane pia na la Wa Kisauni kwa nyekundu. Na jibu la Wa Likoni kwa nyekundu lazima lifanane na la Wa Kisauni kwa nyeupe. Unganisha: majibu yote manne yashakuwa sawa. Sasa nyekundu kwa nyekundu zitatofautiana vipi? Haziwezi. Ukitengeneza hapa, pale panaharibika. Hata wachore njama elfu na kuzichagua kwa kurusha shilingi, 75 ndio ukuta.

Lakini wape hao watu wawili fotoni zilizofungamana. Kila mmoja aipime yake kwa pembe inayotegemea kadi aliyoonyeshwa, kisha ajibu kulingana na kipimo. Watashinda mpaka mara 85 hivi kwa 100. Si 100. Kwantamu yenyewe ina kikomo chake. Lakini 85 iko juu ya ukuta, na kila kitu kinasimama juu ya hiyo pengo baina ya 75 na 85.

Wanasayansi huandika alama za mchezo huu kwa mizani nyingine, lakini ni kitu kile kile: 75 kwa 100 wanaiita 2, na ile 85 wanaiita 2.83. Kwa hivyo ukisikia mtu amepima akapata zaidi ya 2, ujue ndara zimeondolewa mashakani.

Na wamepima. Clauser na Freedman mwaka 1972. Aspect na wenzake mwaka 1982. Halafu mwaka 2015, watu wa Delft kule Uholanzi wakaweka vyombo viwili umbali wa kilomita 1.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa kivuko chetu cha Likoni, ili hata mwanga usiwahi kubeba siri kutoka upande mmoja hadi wa pili kabla majibu hayajatoka. Walicheza raundi 245, wakashinda 196. Piga hesabu: ni 80 kwa 100. Kwa ile mizani nyingine, 2.42. Mwaka 2022, Aspect, Clauser na Zeilinger wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi ya namna hii.

Mwaona walivyofanya? Hawakusema "tuamini sisi, ni kwantamu". Walitoa idadi ya raundi, idadi ya ushindi, na umbali. Mtu wa mtaani aliyeelewa mchezo anaweza kuwakagua.

Hapa kuna kitu yule jamaa wa suti alikipotosha, na mimi nikakipitisha. Ukiwa Wa Likoni ukatazama majibu yako peke yako, hutaona chochote. Ndiyo, la, la, ndiyo, kama shilingi imerushwa. Uwiano unaonekana tu baadaye, wakati wawili wanapokutana na kulinganisha karatasi zao. Kwa hivyo huwezi kutuma ujumbe kwa njia hiyo, hata neno moja. Na kama haiwezi kubeba neno moja kutoka Likoni mpaka Kisauni, itabebaje bei ya kesho kutoka kesho mpaka leo? Mtu akikwambia chombo chake cha "uwiano wa kwantamu" chakupa habari kabla ya wakati, hapo hapo mfungie.

"Sasa kama haubebi ujumbe, una faida gani?" Swali zuri. Faida yake kubwa ni siri.

Mwaka 1991 Artur Ekert aliona hivi: wachezaji wawili wakipata alama juu ya 2, basi majibu yao hayakuwa yameandikwa mahali popote kabla ya kupimwa. Na kitu ambacho hakijaandikwa popote hakiwezi kuibwa mapema. Wakipata 2.83 kamili, hakuna mtu wa tatu duniani anayejua chochote kuhusu majibu yao. Alama zikishuka, wajua kuna mtu anachungulia ama chombo kibovu, na wawezahesabu ni siri kiasi gani imebaki. Majibu yanayobaki wanayatumia kama ufunguo wa kufunga ujumbe wa kawaida, unaopita kwenye intaneti ya kawaida.

Baadaye wengine wakaenda mbali zaidi, na hapa ndipo mimi niliposimama nikazunguka chumba. Kama alama ni nzuri, huna haja ya kumwamini aliyekuuzia chombo. Wachukulie kwamba sanduku limetengenezwa na adui yako. Huruhusiwi kulifungua. Unaloweza ni kubonyeza kitufe na kusoma jibu, ukihakikisha tu kwamba sanduku halina njia ya kunong'ona nje. Namba ya ule mchezo pekee yatosha kukwambia kama siri yako ni salama. Mwaka 2022 kundi moja huko Oxford lilifanya hivyo kwa kweli kwa muda wa masaa kama 8, likapata ufunguo wa biti zaidi ya 95,000. Umbali baina ya masanduku? Kama mita 2. Ndiyo, mita mbili, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Wameandika hivyo wazi wazi, hawakuficha.

Mimi nimekulia mahali ambapo kila kitu kinauzwa kwa maneno. Simu "orijino", dawa ya nguvu, kiwanja chenye hati "safi". Siku zote sisi ndio wa kumwamini muuzaji. Halafu kumbe kuna kona ya sayansi ambayo watu wamekaa miaka 60 wakitengeneza njia ya kutomwamini muuzaji hata kidogo, na jina la kona hiyo hiyo ndilo matapeli wameliiba kutuibia. Hilo lanikera kuliko hata zile pesa.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi tungoje kwantamu ituokoe. Kuna ukweli mchungu wa umbali. Fotoni ikipita kwenye faiba nzuri, baada ya kilomita 100 inabaki moja katika kila 100. Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480. Fanya hesabu: inafika moja katika kila bilioni nne. Kebo za baharini zinazotua hapa kwetu, kama TEAMS iliyofika mwaka 2009, zina vikuza mwanga njiani, lakini fotoni ya kwantamu haikubali kunakiliwa. Ukiikuza namna hiyo, umeiharibu.

Ndiyo maana wengine wakapanda juu. China ilirusha satelaiti ya Micius mwaka 2016. Mwaka 2020 walitangaza kwamba imetuma fotoni zilizofungamana kwa vituo viwili vya ardhini vilivyo umbali wa kilomita 1,120, na alama ya mchezo ikawa 2.56. Kasi ya ufunguo? Biti 0.12 kwa sekunde. PIN yako ya namba nne ni kama biti 14, kwa hivyo ingechukua karibu dakika mbili kuipata. Lakini faida ni kwamba hukuhitaji kuiamini satelaiti yenyewe.

Na Afrika tumo. Oktoba 2024, timu ya Yaseera Ismail ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, iliunganishwa na Beijing kwa satelaiti ndogo ya Jinan-1, umbali wa kilomita 12,900. Kazi kubwa, na naipongeza. Ila njia waliyotumia si ya fotoni zilizofungamana. Ni ya kutuma mwanga hafifu wa leza kutoka juu na kuhesabu makosa, na satelaiti inajua funguo zote mbili. Kwa hivyo hapo inabidi uiamini satelaiti. Zote mbili ni kwantamu, lakini kazi zake si moja. Ukijua cha kuuliza, unaiona tofauti.

Tena hata namba yenyewe inategemea kazi. Pale Kongowea nyanya ni kwa debe, nyama kwa kilo, kitambaa kwa mita. Hakuna anayeuza kanga kwa lita. Vivyo hivyo hapa. Ule mchezo ni kipimo cha kazi ya siri. Mwaka 2001, Ollivier na Zurek upande mmoja, Henderson na Vedral upande mwingine, walionyesha kwamba kuna uwiano wa kwantamu hata mahali ambapo hakuna kufungamana kabisa, wakaupa kipimo chake, diskodi, na watafiti wameendelea kubishana ni kazi zipi hasa zinafaidika nao. Kwa hivyo "hii ni kwantamu" ni sentensi nusu. Nusu ya pili ni: kwa kazi gani, na kiasi gani?

Najua komenti zinakuja. "Wewe uliacha chuo, fizikia ya nini?" Ni kweli, na sijidai mwalimu. Lakini mchezo wa kadi mbili haukuulizi cheti. Tangu mwaka 2016 IBM imeweka kompyuta za kwantamu mtandaoni, na kuna dakika chache za bure. Niliucheza mchezo huu humo, kwa laptopu ya kuazima, nikapata 2.6 na kidogo. Na nitakuwa mkweli: kubiti zenyewe zimekaa kwenye kipande kimoja, mtu mkali ataniambia huenda zilinong'onezana. Ana haki. Delft ndio walioziba tundu hilo, si mimi. Lakini niliiona namba ikivuka 2 kwa macho yangu.

Komenti ya pili: "Sisi shida yetu ni kuibiwa laini na kupigiwa simu za uongo, si fotoni." Hapo nakubali kabisa. Ukimpa mtu PIN yako ya M-Pesa kwa mdomo wako, hakuna satelaiti itakayokusaidia. Kwantamu haizibi ujinga wa simu, na atakayekwambia inaziba naye muulize namba.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukiletewa kitu chenye jina hilo, bangili ya afya, roboti ya pesa, kozi ya elfu ishirini, uliza maswali matatu. Mlipima nini? Mlipata ngapi, na ukuta ulikuwa ngapi? Nani mwingine, asiye wenu, amepima akapata hivyo hivyo? Watu wa Delft wanajibu yote matatu kwa mistari miwili. Yule jamaa wangu wa suti, niliporudi kumuuliza, alinijibu kwa emoji ya roketi, kisha akanifungia.

Na nyinyi mnaotengeneza video kama mimi: ofa kama ile itakuja tena, labda kubwa zaidi. Mimi nimeweka sheria yangu, siposti kitu nisichoweza kukieleza pale maskani kwa kadi mbili na shilingi moja. Yule kaka wa Changamwe bado namlipa, kidogo kidogo, kila Ijumaa. Bado elfu sita na mia tano. Nikimaliza nitaposti.